Mwanamke Aliyekaa Machoni mwa Kasiani

Wanawake wenzangu wa Newala walioibiwa waume waliibiwa na watu. Mtu unamjua, unamsema njiani mkienda kuteka maji, na ukizidiwa unamfuata mlangoni kwake ukamtolea maneno yako yote. Mimi mume wangu alikaliwa na mwanamke aliyekwisha kufa, tena mahali ambapo huwezi kumfuata mtu na ufagio. Nimelisema hilo mwanzo kabisa ili asiyetaka kusikia mambo ya namna hii aondoke mapema.

Mume wangu aliitwa Kasiani, mzaliwa wa Mkunya. Alikuwa dresa katika hospitali ya misheni upande wetu wa Newala. Kazi ya dresa ni kuosha vidonda na kufunga bandeji, lakini yeye walimweka kwenye macho. Huku uwandani juu hakuna maji. Mwanamke anashuka genge hadi bondeni na kulipanda tena na ndoo kichwani, sasa nani atayamwaga maji hayo kuosha uso wa mtoto? Vikope vilitula macho, na Kasiani hakukosa watu kwenye benchi lake hata siku moja.

Aliyemfundisha ni Sista Edeltraud, Mjerumani mrefu mwenye sauti ya kiume, aliyeamini kwamba asiyejua jina la kitu asikiguse. Kwa hiyo Kasiani alirudi nyumbani na majina. Tukiwa tunakula ugali wetu wa muhogo, yeye ananihubiria jicho. Kile kioo cha mbele, alisema, Warumi walikiita kwa neno la pembe, kwa kuwa pembe ikichongwa nyembamba inapitisha mwanga. Lile duara lenye rangi ni iris, maana yake upinde wa mvua, na hilo neno ni la Kiyunani, Warumi waliazima tu. Kule nyuma pametandazwa wavu. Na katikati pana dengu.

"Dengu gani?" nikamuuliza.

"Dengu hizi hizi za dukani. Lenzi maana yake dengu, kwa umbo lake."

"Basi nikipika dengu Jumapili usile. Utakuwa unakula macho ya Warumi."

Alicheka, lakini hakuacha. Akaniambia kwamba mboni waliiita pupila. Pupa kwa Kilatini ni mtoto wa kike, na pia ni mwanasesere, na pupila ni kale kadogo kake. Akanishika kidevu, akanisogeza. "Tazama ndani ya jicho langu. Unaona nani?" Nikatazama, nikaona kichwa changu na kitambaa changu, kadogo mno, kananiangalia. "Ndiye huyo," akasema. "Walimwona wakampa jina." Tulikuwa tumeoana karibuni, na sikuwa nimewahi kuambiwa neno zuri kuliko hilo. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajavaa kanzu yake nyeupe ya kazi, nilikwenda kujitazama. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto, na watu hawakuchoka kuniambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini machoni mwa Kasiani nilikuwapo, na hilo lilinitosha kwa siku nyingi.

Kisha vita vya ng'ambo vikatufikia. Mreno alikuwa anapigwa Msumbiji, naye anapiga, na ukisimama ukingoni mwa genge ungeona moshi ng'ambo ya Ruvuma. Wakimbizi walivuka na mafurushi. Walikuwa Wamakonde kama sisi, tena wengine wa koo zile zile, ila wanawake wao wengi bado walitoga mdomo wa juu na kuvaa ndonya, na nyuso zao zilijaa chale. Kwetu misheni ilikuwa imekwisha tuvua mambo hayo.

Siku moja wapagazi walileta mwanamke kwa machela, ameumizwa na bomu la kutegwa bondeni. Alikuwa na ndonya kubwa nyeusi, na nyuma ya machela alitembea mtoto wake wa kike, mdogo, hajaota meno ya pili. Hakuna aliyejua majina yao. Ndugu waliokuwa nao walibaki njiani, na sikuuliza walibakije. Mwanamke hakufika hata chumba cha upasuaji. Alikata roho ukumbini, macho wazi, na mtoto amemwinamia usoni pua kwa pua.

Kasiani ndiye aliyekuwa karibu. Akafanya alivyofundishwa: akapitisha mkono kati ya nyuso zile mbili, akamfumba mama macho kwa kidole gumba. Hospitali inataka hivyo, mtu afumbwe kabla hajakakamaa. Alinisimulia jioni, na nakumbuka alikuwa anasikitikia mtoto tu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuna kosa limefanyika.

Mtoto hakulia, na hakusema. Sista Edeltraud akampa jina la Cecilia, kwa kuwa ilikuwa karibu na sikukuu ya mtakatifu huyo. Kasiani, kwa kupenda kwake asili za majina, akauliza Cecilia maana yake nini, akaambiwa linatokana na neno la kipofu. Alinuna siku nzima. Sista, kumpoza, akamwambia jambo jingine: kwamba Warumi, kwa neno lile lile la pupila, walimwita pia mtoto wa kike aliyefiwa na baba, ambaye sheria ilimweka chini ya mlezi. Sijui Sista alikuwa na nia gani. Ninachojua ni kwamba jioni ile Kasiani alirudi nyumbani na mtoto mkononi, akasema, "Perpetua, huyu atakaa nasi," nami nikaenda kuchemsha maji kabla hajamaliza sentensi.

Majirani wakaanza kuniita Mama Cecilia. Nilikuwa nikiitwa hivyo nageuka haraka kuliko nilivyowahi kugeuka kwa jina langu.

Lakini mtoto hakuwa nasi. Alikula ukimlisha, alilala ukimlaza, na mchana alitembea uani kwetu kama mtu aliye mahali pengine. Uani palifagiliwa, hapana hata kijiti, naye anainua mguu juu akivuka gogo. Anainamisha kichwa kupita chini ya tawi ambalo halipo. Mara nyingine anapandisha nguo hadi mapajani na kwenda polepole, mikono ameinua, kama anavyokwenda mtu anayevuka mto. Niliingia ndani kukoroga chungu kilichokwisha iva.

Kisha akaanza kutoroka. Kila tulipomkosa, tulimkuta njia ya gengeni, anateremka kwa zile ngazi za mizizi, macho wazi bila kupepesa. Bondeni kulikuwa na mabomu yaliyofukiwa. Hata wateka maji walikuwa wamebadilisha kisima. Wanawake walimrudisha kwangu mara kwa mara, wakanitazama vibaya kama vile mimi ndiye ninayemfukuza. Nilimfunga kanga kiunoni, ncha nyingine nikajifunga mimi, nikawa napalilia mihogo naye kama mbuzi. Nililia nikipalilia. Nilijua siku moja fundo litafunguka, nitaletewa mtoto kwenye machela.

Kasiani akasema pengine ni vikope vinavyomsumbua. Akamkalisha kwenye kigoda juani, akamfunua kope kwa kidole, akawasha tochi. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akazima tochi, akaifuta kwa shati, akaiwasha tena.

"Njoo utazame wewe," akaniambia. "Mimi nadhani nimechoka."

Niliinama nikatarajia kukiona kitambaa changu. Ndani ya mboni ya mtoto palikuwa na uso mdogo wa mwanamke, kichwa kitupu, na chini ya pua yake pana duara jeusi la ndonya. Nikasogeza kichwa kushoto. Hakusogea. Nikatazama jicho la pili, na huko nako alikuwako, ananiangalia mimi, si kwa ubaya, ila kama anavyokuangalia mtu ambaye umekalia kiti chake na hajui akuondoeje.

Tulikwenda kwa mama mkwe wangu Mkunya siku ile ile, mtoto mgongoni. Mama Kasiani alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, na aliposikia habari ya ukumbini alimkatiza mwanawe.

"Ulimfumba wewe?"

"Mimi, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Na mtoto alikuwa anamtazama?"

Kasiani akasema ndiyo. Mama Kasiani akaweka chini ungo wa korosho alizokuwa anazichambua. Kwao, alisema, mtu akikata roho macho wazi, kwanza mwanawe anageuzwa mgongo, ndipo marehemu afumbwe. Ukifunga mlango mtoto akiwa bado anachungulia, aliyeko ndani anatokea upande wa mtoto, maana hana pengine pa kutokea. Na tena anayefumba ni ndugu wa tumbo moja, kaka au mjomba. Mtu baki hafumbi.

"Hospitali hatujui hayo," Kasiani akasema.

"Wewe hukuzaliwa hospitali. Ulizaliwa kwenye mkeka ule pale." Akamtazama mtoto, aliyekuwa anapita chini ya tawi lake. "Basi umekwisha kuwa kaka yake. Nenda kamwambie hivyo. Mwanamke huyu anamrudisha mwanawe kwao kwa kuwa hajaona ndugu upande huu. Mwambie ndugu yupo. Akikubali, atataka pa kukaa, na hatakaa kwa mtoto."

"Atakaa wapi?" nikauliza.

Mama Kasiani hakunijibu mimi. Alimwambia mwanawe, "Usiende kama hutaki."

Makaburi ya hospitali yalikuwa chini ya mikorosho. Tulikwenda saa sita, jua limesimama. Kasiani alinyoa nywele kabisa, kama anyoavyo aliyefiwa na dada, akakaa chini kando ya lile tuta lisilo na jina, akamweka mtoto mbele yake, magoti kwa magoti. Mimi nilikaa nyuma ya mtoto nimeshika kanga. Hapakuwa na upepo, na majani ya mikorosho yalikuwa yanatikisika upande mmoja tu, ule wa kwetu.

"Dada," Kasiani akasema, akimtazama mtoto machoni. "Ni mimi niliyekufumba. Sikujua desturi, nisamehe. Mtoto amefika kwa mjomba wake. Anakula, ana mahali pa kulala. Huko unakompeleka hakuna mtu. Mwache, uje ukae kwangu."

Aliyarudia maneno hayo, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, bila kupandisha sauti. Nilimwona anatokwa machozi lakini hapepesi. Kisha kanga ikalegea mkononi mwangu. Mtoto alikuwa ameegemea nyuma kifuani kwangu, mzito, kama mtoto yeyote aliyechoka. Akageuza uso, akanitazama, akaomba maji. Ndilo neno lake la kwanza kwetu. Katika mboni zake nikaona kitambaa changu cha bluu, na chini yake mimi, mjinga, natabasamu. Nilimkumbatia nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikainua kichwa nimwonyeshe mume wangu, na Kasiani akanitazama, na machoni mwake hapakuwa na mimi.

Hivyo ndivyo nilivyopata mtoto na mke mwenza siku moja.

Nisiwe mwongo: nilimwonea wivu. Asubuhi sikwenda tena kujitazama. Kasiani hakubadilika kwa upendo. Aliwanunulia watu wake mafuta na kanga kama kawaida, na kwenye kazi mikono yake ilikuwa ile ile myepesi. Lakini alianza kukaa akielekea Ruvuma. Alisalimu watu njiani ambao mimi sikuwaona, akawapisha. Siku nyingine angesema, "Leo watakuja wengi, na yule wa mbele hatafika," na kabla jua halijatua wakimbizi walitokea gengeni, na wa mbele yao amebebwa, amefunikwa.

Vijiji vya ujamaa vilipopangwa tulihamishwa kutoka kwenye mikorosho yetu tukawekwa kwenye nyumba za mstari, mlango kwa mlango, na hapo siri ikawa haifichiki. Mtu anayetiwa dawa ya macho hana budi kumtazama dresa kwa karibu. Bwanali, balozi wetu wa nyumba kumi, alikalia kigoda vizuri, jicho moja likatiwa dawa, kisha akatazama juu. Alisoma aya moja chini kwa chini, akaaga kwa adabu, na akaenda zake na jicho la pili bila dawa. Lakini kuna mama mmoja mkimbizi naye alikaa pale, akatazama juu, na badala ya kukimbia akashika uso wa mume wangu kwa mikono miwili. "Kumbe upo," akasema. "Sisi tulikulilia." Akazungumza naye kwa Kimakonde cha kwao, haraka haraka, akifuta machozi, habari za shamba na za nani aliolewa na nani. Kasiani alitulia kama mtu aliyeshika ngazi mwenzake apande.

Nilimlazimisha twende Masasi, hospitali ya Mkomaindo. Daktari Reginald, kijana wa Kilimanjaro, alimulika, akamulika tena. Alituambia macho ni mazima kabisa. Tulipofika mlangoni aliniita kando akaniuliza, kwa heshima, kama mama yake mume wangu alikuwa anavaa ndonya. Nikamwambia hapana. Akasema haya, safari njema.

Na Cecilia? Alikua, akaenda shule, akawa mbishi na mpenda nyimbo. Sikumficha kitu, usingeweza kumficha. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alisimama mbele ya baba yake, naye Kasiani aliinama, na mtoto alitazama ndani na kusema, "Shikamoo, mama." Kisha alinigeukia mimi, akaniambia hivyo hivyo, nami nikaitikia. Mwanzoni iliniuma. Baadaye iliniuma alipochelewa shule akasahau.

Vita vilikwisha. Msumbiji walipata bendera yao, na wakimbizi wakashuka genge kwa ngoma, wamebeba mabati na kuku. Ni wakati huo Kasiani alianza kuugua, tumbo likajaa, miguu ikavimba. Sista Edeltraud alikuwa amekwisha kurudi kwao, na mama mkwe tulikuwa tumemzika. Hakutaka kulazwa. Alisema anajua kinachofanyika wodini mtu akifa, amekifanya sana.

Ilikuwa mchana. Jua liliingia dirishani likamwangukia usoni, na alitazama juu bila kuumizwa nalo. Cecilia alikuwa darasa la saba, amekaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Pumzi ya Kasiani ikawa inakwenda na kukawia kurudi. Mara moja alinitafuta kwa mkono akanishika, akasema, "Perpetua, nimekuchosha," nikamwambia ndiyo, umenichosha, na bado sijachoka. Alitabasamu. Kisha pumzi ikaenda, nikaingoja, haikurudi. Macho yalibaki wazi.

"Cecilia," nikamwambia, "geuka mgongo."

Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuinama.

"Akifumbwa sasa, mama, nitamwona wapi?"

"Ukimtazama atarudi kwako, na utashuka genge. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi nilikufunga kanga."

"Nakumbuka," akasema. Alilisema taratibu, kama mtu aliyekwisha funga mzigo wake. "Sasa vita vimekwisha. Huko sasa kuna watu."

"Mabomu hayajui kuwa vita vimekwisha," nikamwambia.

Nitasema nilivyokuwa nawaza, hata kama si vizuri. Nilikuwa nawaza kwamba nimesubiri miaka yote hiyo. Nilikuwa nimejiahidi kwamba siku Kasiani akifa, mwanamke yule atatoka, na mimi, walau mara moja, nitajiona tena mle nilimoonyeshwa nikiwa bi harusi. Ningemgeuza mtoto kwa nguvu, ningengoja kidogo, ningefumba, na mambo yangekwisha. Cecilia angekuwa salama. Angekuwa pia amefiwa na mama mara mbili, na mara ya pili kwa mkono wangu.

Nikamshika mabega. Alikuwa na nguvu lakini alikuwa analia, na anayelia hana nguvu ya kweli. Nikamgeuza mgongo, uso ukutani, nikamwambia abaki hivyo mpaka nimwite. Kisha nikainama mimi.

Alikuwa mle, na ndonya yake. Safari hii alikuwa hanitazami kama mwenye kiti. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuogopa.

"Dada," nikamwambia, "hapa si kwako tena. Mtoto ana mtihani mwaka huu. Njoo kwangu."

Sikupepesa. Nilipohisi macho yangu yamekuwa mazito, nilimfumba mume wangu kwa kidole gumba, taratibu, na sikuona nani aliyebaki mle mwisho.

Kioo cha nyumbani nimekigeuza kikatazama ukuta. Cecilia ni mwalimu Chiwata sasa, ameolewa, na likizo huja na wanawe. Kabla hajatua mzigo hunishika uso kwa mikono miwili, akanitazama machoni. "Shikamoo, mama," husema, nami huitikia marahaba. Halafu husubiri kidogo na kusema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Shikamoo, mama." Hapo mimi hunyamaza, kwa sababu hiyo si yangu kuitikia.